Kitabu Ninachokisoma Sasa: Riwaya Aliyoiacha Dada Yangu Katikati

Wakuu, heshima zenu.

Nimezipitia orodha za vitabu mnavyovisoma na kuvifurahia siku hizi, nikaona changu hakitoshi katika mstari mmoja. Niruhusuni niandike kwa utaratibu. Nitakayosimulia niliyatenda mwenyewe. Kuna sehemu isiyonipa sifa, na sitaipamba.

Ninasoma riwaya ambayo jina lake silijui. Jalada na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeng'oka tayari dada yangu alipoinunua kwenye vitabu vya mitumba sokoni Bungoma. Inahusu kijiji kinachogombania kinu cha kusaga mahindi. Si kazi kubwa ya sanaa. Mwandishi anapenda methali kupita kiasi, na msuko unalegea kuanzia sura ya nne.

Hata hivyo, sijawahi kusoma kitabu kwa uangalifu kama hiki.

Dada yangu huyo, Nasimiyu, alikuwa akimsomea mumewe. Shemeji yangu Wekesa alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha karatasi, Webuye, akikagua unene wa karatasi, kisha macho yakaingia giza taratibu hadi yakafunga kabisa. Kila alasiri, baada ya kulisha kuku, Nasimiyu alikaa kando yake barazani akasoma kurasa chache, akiigiza sauti za wahusika.

Mapema mwaka huu Nasimiyu aliugua, akalazwa, akafariki. Walikuwa wamemaliza sura ya kumi.

Tulimzika, tukanyolewa nywele kama ilivyo desturi yetu, watu wakarudi mashambani kwao. Nilikuwa najiandaa kurudi Kitale, ninakoishi tangu nistaafu ualimu, Wekesa aliponiita.

"Mulamwa," akasema, na kwetu hivyo ndivyo mashemeji wanavyoitana, "kile kitabu bado hakijaisha. Utanisomea?"

Nikakubali. Tangu hapo, kila Jumamosi natoka Kitale asubuhi naenda Webuye.

Siku ya kwanza hakunihurumia.

"Bana mulamwa, unasoma ni kama unatangaza matokeo ya mtihani! Huyu mwenye kinu, Nasimiyu alikuwa anamfanya aongee na pua. Si uongee na pua?"

Mimi, mwalimu wa sarufi kwa zaidi ya miaka thelathini, nikaongea kwa pua. Jirani yao Mama Truphena, aliyekuwa hapo akichambua kunde, alicheka hadi ungo ukamponyoka.

Tulipomaliza sura ya kumi na moja, Wekesa alikitaka kitabu, akakunja pembe ya ukurasa tulioishia iwe alama yake, kisha akanirudishia. Nina mazoea ya kuipitia sura kimya kabla ya kuisoma kwa sauti, kwa hiyo nilikibeba hadi Kitale.

Katika sura ya kumi na mbili, mke wa mwenye kinu anafariki.

Mwandishi ambaye nimemlaumu kwa ulegevu hakulegea hapo. Anaeleza ugonjwa, mazishi, na jinsi mume anavyorudi nyumbani akakuta shali ya mkewe bado imening'inia kwenye msumari.

Nilikifunga kitabu.

Nikaamua kuiruka sura nzima. Nikatunga hata sentensi mbili za kuunganisha. Wakuu, ni mimi yule yule niliyewahi kumnyima mwanafunzi alama kwa kuruka aya moja.

Jumamosi iliyofuata nikasoma sura ya kumi na tatu kana kwamba ni ya kumi na mbili. Nilipomaliza, Wekesa akakipokea kitabu kama kawaida. Akazishika kurasa kuanzia alama yake hadi tulipoishia kwa kidole gumba na cha shahada, akazipapasa.

"Mulamwa, leo umesoma kidogo lakini kitabu kimeisha sana."

Akazipapasa tena, moja moja.

"Kuna karatasi saba hapa sijasikia."

Zilikuwa saba kamili.

Nikamwambia kwamba sura ile haikuwa na uzito. Akaniuliza inahusu nini. Nikalazimika kusema: mke wa mwenye kinu anakufa.

Mama Truphena, aliyekuwa ametuletea chai, alisimama na birika mkononi.

"Ndivyo nyinyi wote mnafanya," Wekesa akasema, bila kupaza sauti. "Mtu anakuja hapa ananiambia mahindi, ananiambia mvua. Jina la Nasimiyu likikaribia, anaruka. Sasa wewe umeruka mpaka ndani ya kitabu. Mimi ni kipofu, mulamwa. Si mtoto. Kama huwezi kunisomea yote, kiache hapa uende. Usirudi Jumamosi."

Hapo ndipo nilipoukiri mbele yake ukweli ambao hata nafsi yangu nilikuwa nimeificha. Sikuiruka kwa ajili yake. Mimi ndiye niliyeshindwa. Tangu mazishi sikuwa nimelitamka jina la dada yangu hata mara moja.

"Basi soma ukilia," akasema. "Nasimiyu pia alikuwa analia sehemu zingine. Nilikuwa namngoja, akimaliza anaendelea."

Nikasoma. Sauti ilinikatika mara kadhaa, naye akaningoja. Mama Truphena alivuta kigoda akaketi, na chai ikapoa bila kuguswa.

Nilipofika mwisho, Wekesa akaanza kusema, taratibu.

"Siku ya mwisho wodini macho yake yalikuwa yamechoka. Akanishika mkono, akaniuliza ni nani wako kwa chumba. Mimi kipofu ndiye nikawa namwambia, nikiwajua kwa sauti zao. Huyu ni fulani, huyu ni fulani. Sikuwa nimepata mtu wa kumwambia hiyo."

Tukakaa watatu tukimzungumzia Nasimiyu kwa jina lake hadi jioni.

Wakuu, nilidhani nilikuwa nikimlinda mfiwa kwa kunyamaza. Nilikuwa nikimwacha peke yake na marehemu. Sina falsafa zaidi ya hiyo.

Tumefika sura ya kumi na sita, zimesalia nne. Kama yuko aliyewahi kuisoma riwaya ya kijiji na kinu, namsihi asitudokezee mwisho.

Nanyi je, mnasoma nini, na mnamsomea nani? Andikeni hapa chini. Jumamosi nitamsomea Wekesa majibu yenu.