Kiganja Aliyeziba Midomo ya Injini

Huyu ndiye Kiganja, mtoto wa Msumeno, mjukuu wa Bibi Mizani. Bibi Mizani alipima nafaka sokoni miaka arobaini, na hajatokea mnunuzi aliyerudi kulalamika kwamba kapunjwa. Msumeno alipasua mbao za milango ya mtaa mzima, na mpaka leo milango ile inafunga bila kukwaruza sakafu. Kiganja naye kazi yake ilikuwa kuzima injini. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina, lile la wazazi wake likabaki kwenye cheti cha shule tu.

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, watu wa kipato cha kuungaunga walishindana kwa magari kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, nyuma ya reli. Muuza mikate, kinyozi, mwalimu wa hesabu, kila mmoja na kigari chake chakavu, viti vya nyuma vimeng'olewa, milango imefungwa kwa waya. Breki za magari yale zilikuwa za kuombea dua. Kwa hiyo walikubaliana tangu mwanzo kwamba hakuna injini itakayozidi nyingine nguvu. Chini ya kila kabureta kiliwekwa kisahani cha chuma chenye tundu moja, upana wa kidole gumba, ili injini ivute hewa kwa kubanwa. Visahani vyote alivitengeneza Kiganja, akavifunga kwa waya na muhuri wa risasi.

Lakini binadamu ni binadamu. Walikuwepo waliotoboa injini pembeni, ipumue kwa siri. Kwa hao Kiganja alikuwa na dawa. Jumamosi mchana, magari yakiwa yamepangwa kwenye ua wa gereji yake, alitoa chujio la hewa, na injini ikinguruma akaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja cha mkono wa kulia. Injini ya haki ilikata roho papo hapo. Injini mwizi iliendelea kuhema. Mwenye gari akija juu, Kiganja alimjibu, "Mimi sibishani na mtu. Hiyo hapo bado inahema, iulize yenyewe."

Alikuwa na mdogo wake, dereva wa lori la maji, mtu wa mizaha ambaye kicheko chake kilitangulia kufika kabla yake. Miaka saba alishindana, na miaka saba aliangalia mgongo wa gari la muuza mikate. Alicheka nalo hilo, lakini mwaka wa saba kicheko kilianza kumkauka.

Alhamisi moja rejeta ilimrukia Kiganja mvuke, ikamchuna ngozi ya kiganja chote. Zahanati wakamfunga bandeji nene kama soksi. Mkewe akamwambia, "Keshokutwa mwachie bintiyo apime." Binti huyo ndiye mtoto wa mdogo wake Kiganja, mwanamke mzima aliyefanya kazi pale gereji, na kabureta alizijua kuliko wengi waliomzidi umri.

"Baba yake anashindana," Kiganja alisema. "Watu watasemaje?"

"Na wewe mdogo wako anashindana. Huwa wanasemaje?"

Mtu aliyezoea kuaminiwa hapendi kuulizwa.

Jumamosi alipima kwa bandeji yake. Kitambaa kilipitisha hewa, kwa hiyo kila injini ilichelewa kidogo kufa, ikakohoa mara mbili tatu ndipo ikanyamaza. Kiganja akakizoea kile kikohozi. Gari la mdogo wake lilikuja mwisho. Akaziba. Injini ikakohoa, ikashuka, ikaendelea kuhema chini kwa chini. Akabana zaidi mpaka kidonda kikamchoma. Ikahema tu.

"Kaka, hiyo bandeji au chandarua?" mdogo wake akasema, na uani pote watu wakaangua kicheko.

"Si utumie mkono wa kushoto!" muuza mikate akapaza sauti.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mkono wa kushoto ulikuwepo, mzima, hauna hata mkwaruzo. Kiganja aliuangalia. Kisha akageuka. "Mkono huu wa kulia ulizima injini kabla wewe hujajua kukanda unga," akamwambia muuza mikate. Akafunga chujio, akabana muhuri, akampiga mdogo wake kofi la bega. Gari likapita.

Jumapili, mzunguko wa tano, dereva wa lori la maji alimpita muuza mikate kwa mara ya kwanza maishani. Watu walisimama juu ya vifusi vya kokoto wakipiga miluzi. Kwenye kona iliyo chini ya ukuta wa machimbo magari mengine yalipunguza mwendo. Lake halikupunguza. Taa nyekundu za breki ziliwaka, zikaendelea kuwaka mpaka ukutani.

Walipomtoa alikuwa amekwisha fariki, mguu wake umekazana kwenye pedali, na ikawabidi kuutoa taratibu.

Baada ya maziko Kiganja na yule binti walilifungua gari uani, wawili peke yao. Kisahani kilikuwa mahali pake, muhuri haujaguswa. Kutoka chini ya kisahani ulitokea mpira unaokwenda kwenye breki, ule unaotumia mvuto wa injini kumsaidia dereva pedali iwe laini. Binti aliufuata kwa kidole mpaka nyuma ya betri, akasimama.

"Baba Mkubwa, hapa hapajachanwa na ajali. Pamekatwa kwa wembe."

Injini ilikuwa inapumulia hapo. Na mpira ukishavuja, msaada wa breki haupo tena, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Alichokata ili akimbie ndicho kilichomnyima kusimama. Binti alikaa chini sakafuni penye oili, na sketi yake, wala hakulia.

Jioni ile mjane alikuja. Alikuwa amekwisha kusikia kutoka kwa binti. "Shemeji," akasema, "sema breki zilikuwa mbovu. Nani atakayebisha? Mtu amekufa. Usinizikie mume mara mbili."

"Na wengine wakikata mpira huohuo?"

"Hao wana wake zao, wawachunge. Mimi wangu nimebaki na jina lake tu."

Kiganja hakulala vizuri siku tatu. Kunyamaza kungemfaa na yeye pia, na hilo ndilo lililomtisha. Siku ya nne washindani walikutana uani kwake, mjane naye akaja, akakaa mwisho wa benchi. Kiganja aliuweka ule mpira mezani.

"Injini ya mdogo wangu ilikuwa inapumua pembeni," akasema. "Na mimi niliisikia. Nilikuwa na mkono mzima, nikaona aibu kuutumia mbele yenu. Yeye alikata mpira, mimi nikampigia muhuri."

Muuza mikate aliinamisha kichwa. Mjane aliinuka, akajitanda khanga, akatoka, na tangu siku hiyo akikutana na Kiganja njiani huvuka upande wa pili. Watoto wa Kiganja yeye huwaita ndani na kuwapa chakula. Baba yao hamsalimu.

Mwalimu wa hesabu alisema, "Mzee, kosa moja halifuti miaka yote. Endelea kupima."

"Hapana," Kiganja alisema. "Sitapima tena."

Miezi miwili machimbo yalikuwa kimya. Walipokubaliana kuanza tena, Jumamosi asubuhi Kiganja alimkuta binti anaosha kabureta, akamwekea mbele koleo la mihuri.

"Leo unapima wewe."

"Watasema mtoto wa mwizi anawakagua wenzake."

"Watasema. Wewe kabla hujaziba, fuata mpira wa breki kwa kidole, mwanzo mpaka mwisho, kila gari. Ukitia shaka, gari halitoki, hata liwe la nani." Nje honi ililia. "Huyo muuza mikate kafika. Anza naye."