Kisanduku cha Midundo na Mashine ya Mpunga

Ipo Jumapili moja haijanitoka akilini, mwanangu, na jana ilinirudia nilipokuona umepanga mashine zako mezani, hii inapiga ngoma, ile inarudia sauti uliyoinasa, waya zimetambaa kama maboga shambani, nawe unaniambia, "Bibi, siku ya shoo sihitaji mtu." Nilicheka. Hukujua nacheka nini. Nami nilikuwa hivyo hivyo.

Miaka ya sabini nilikuwa msichana wa Iringa, kinanda nimejifunzia kwenye kwaya yetu ya Kilutheri, nikaja Mbeya kukaa kwa shangazi pale Ilomba. Bendi moja ya mjini ikanichukua nipige kinanda cha umeme. Mpiga drams wao alikuwa Simoni, kijana wa Kisafwa, mkewe amejifungua mwezi ule ule. Alikuwa na mikono mizuri na mdomo mbaya. Nikichelewa mdundo kidogo tu anasema mbele ya wote, "Dada, hapa hatuziki mtu." Weee, nilimchukia!

Kiongozi wetu akaleta kisanduku cha midundo, kitu kipya kabisa kwetu. Unakichomeka kwenye amplifaya, unabonyeza kitufe, kinapiga rumba chenyewe, hakichoki wala hakichelewi mazoezi. Nikamwendea kiongozi nikasema maneno ambayo mpaka leo yananichoma: "Hiki kikitosha, Simoni wa nini?" Akafikiri, akajibu, "Tutakijaribu kwenye bugi la Chimala. Kikivuka salama, Simoni atapumzika." Kupumzika maana yake kufukuzwa. Simoni akaambiwa siku hiyo akae benchi, akaelewa, na kisanduku nikakabidhiwa mimi.

Bugi ni dansi la mchana, nyie hamkulikuta. Jumapili hiyo tulifika Chimala mapema. Fundi wetu wa vyombo alikuwa Mzee Ambilikile, Mnyakyusa mpole asiyependa kurudia neno. Yeye alikuwa na desturi yake: ukumbi ukiwa mgeni, kila mwenye chombo cha umeme aende mwenyewe akamwone anayetoa umeme, kabla hajachomeka waya hata mmoja. Ukumbi wa Chimala ulivuta umeme kwenye jenereta ya mashine ya kukoboa mpunga. Akaniambia, "Binti, kamuulize mwenye mashine anaanza kukoboa saa ngapi, kisha tupime vyombo vyote kwa pamoja mashine ikiwa kazini." Nikamjibu kwa kiburi, "Kisanduku nimeshakipima Ilomba, Mzee. Kiko sawa." Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliona ni kujishusha. Alinitazama, akaendelea kunyoosha waya zake.

Nyimbo mbili zilikwenda vizuri, watu wakacheza, nikamtupia Simoni jicho la nimekuweza. Wimbo wa tatu, ng'ambo ya ukuta mashine ikanguruma. Taa zikafifia. Kisanduku kikaanza kuburuta midundo, wapiga gitaa wako mbele, mimi katikati sijui nimfuate nani. Mpunga ukiisha kwenye mashine kinakimbia, ukimiminwa mwingine kinalala. Wachezaji wakakanyagana. Mama mmoja akauliza kwa sauti, "Jamani, hawa wamekunywa nini?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Simoni hakucheka. Aliinuka benchi, akakaa kwenye drams, akalisikiliza gitaa la besi kidogo, akaingia. Nikachomoa kisanduku. Tukamaliza bugi kwa mikono yake.

Wakati wa kupakia vyombo nilimfuata kumshukuru. Akanijibu bila hasira, "Sikupiga kwa ajili yako, dada. Watu wametoka mashambani kuja kucheza." Kumbe aliposikia habari ya benchi alishakubaliana na bendi nyingine ya Iringa. Jumatano akapanda basi na mkewe na kichanga chao.

Mimi nikabaki kuulaumu mpunga. Mzee Ambilikile akanisikiliza, akaniambia, "Ungekwenda kuuliza, kisanduku kingepiga vizuri mpaka mwisho. Na Simoni ungekuwa umemfukuza vile vile. Sasa kosa la umeme hapo ni lipi?" Nililia, mwanangu. Lakini sikumwandikia Simoni. Nilikuwa nangoja nipate maneno mazuri, miaka ikapita, mpaka nikapata habari ya msiba wake nikiwa ndani ya basi, tumesimama Nyololo.

Basi sikia. Mashine zako zipende, ni kazi nzuri. Ukifika ukumbini usianze na waya, anza na mwenye umeme. Muulize nini kingine kinauvuta, washa vyote, upime kabla watu hawajaingia. Hayo ni ya vyombo. La watu ni hili: mtu akikuudhi, mwambie amekuudhi, usimtoe mahali pake ukasingizia mashine. Na ukimkosea, muombe radhi siku ile ile, hata kama maneno yatatoka vibaya.

Mungu akubariki, akupe kazi ya mikono isiyokauka, na akujalie wenzako wa kukaa nawe hata pale unapodhani huwahitaji.