Kikopo cha Moto cha Makambako

Wasomaji wangu, leo mnisamehe, maana naandika nikiwa bado nimeshtuka. Jana asubuhi dereva wa lori la Makambako alisimama mbele ya nyumba yangu hapa Njombe, hakuzima hata injini. "Kamwene," akanisalimu. "Yule mwalimu wako wa kikopo amefariki. Amekutwa chumbani na jiko la mkaa." Nilimbishia. Nilimwambia amechanganya watu, kwamba hewa ya mkaa ingeweza kumuua yeyote, lakini si yule. Alipogeuza lori nikapanda, na njia nzima nilikuwa bado nabisha.

Marehemu alifundisha sayansi shule ya kati, mtu wa maneno mengi na mbishi kuliko mimi. Mwingereza mmoja aliyekuwa akitafuta chuma milima ya Ludewa alimwachia kikopo bapa cha kupasha mikono. Ndani hutiwa petroli, na mdomoni hukaa bonge la pamba ya mawe lenye platini, madini ya thamani kama dhahabu. Hakuna mwali. Mvuke wa petroli ukikutana na hewa penye platini, joto hutoka polepole, na platini yenyewe haipungui. Mwalimu alimpa mama yake, ambaye baridi ilimkaza vidole hata akashindwa kumenya viazi. Msimu mmoja bonge lile likaingia grisi, kikopo kikafa, na mama akarudi kuficha mikono kwapani.

Yule Mwingereza alikuwa ameacha pia kichupa cha maji ya platini. Nilikuwepo mwalimu alipochukua pamba mpya, akaishindilia, akailowesha mpaka katikati, akaikausha kwa moto na kuifunga mdomoni mwa kikopo. Kilipata vuguvugu, kikazima. "Platini nimeijaza tele, kinataka nini tena?" Alinuna, chakula akakisusa. Mwishowe akalipasua lile bonge. Ndani lilikuwa jeusi kwa platini, limebanana. "Huku hewa haifiki," akasema. "Dawa yote nimeizika!" Akachambua pamba nyingine ikawa laini, akapaka matone yaliyobaki kwenye tabaka la juu tu, pale mvuke na hewa vinapokutana. Kikopo kikapata moto hata mama akacheka, akakitia kifuani. "Sasa usikiguse tena, mwanangu." Tangu siku hiyo kila aliyepita kwake alihubiriwa: usiulize dawa ni kiasi gani, uliza hewa inaifikia wapi.

Mtu huyo ndiye aliyekufa kwa kukosa hewa! Nilipofika nikaiona nyumba yake mpya ya matofali, madirisha ya vioo, mlango uliokaa sawasawa kwenye fremu. Nyumba za nyasi za baba zetu zilipitisha upepo kila upande. Tulilala kando ya makaa na asubuhi tukaamka. Tumejenga kuta nyingine, tukahamia na desturi ileile. Juzi umande uliganda, naye akaingiza jiko chumbani, akaziba chini ya mlango kwa blanketi. Nilikasirika, nikatamani kumwamsha nimgombeze. Lakini ni nani kati yetu, walimu, makarani na wainjilisti wenye nyumba za namna hiyo, ambaye hajafanya hivyo mwezi huu?

Mama yake alikuwa mkekani katikati ya wanawake. Nilimpa mkono, nikasema, "Pole, mama." Nikashtuka tena, maana mkono wake ulikuwa wa moto. Akafunua shuka yake, nikakiona kikopo.

"Alikijaza yeye jana jioni," akasema. "Alisema nisipate baridi."

Wasomaji wangu, baridi ya mwezi wa saba bado ipo. Ukiingiza jiko ndani, acha dirisha wazi, hata kama meno yanagongana. Nilipoaga jioni mama alikuwa bado amekikumbatia kile kikopo, nacho kilikuwa kimeanza kupoa.