Chumvi Ndani ya Chuma

Wazazi walipofariki, baba mdogo alikuja Mkata kutugawa kama robota la mitumba: kitinda mimba kwake Korogwe, wa kati kwa shangazi Kabuku, na mimi niolewe na yeyote mwenye baiskeli. Nilimwambia nina kazi, uhunzi. Alicheka mpaka akakohoa. Akanipa hadi mwisho wa mavuno nimthibitishie.

Ukweli, nilikuwa navukuta moto tu kwa mhunzi mmoja mzee, aliyeswali kwa wakati na kutukana katikati. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, malori yalijaa barabarani, na springi zikivunjika, warithi ni sisi: ndizo chuma chetu cha kufua.

Siku moja mfugaji aliagiza sime. Mzee akanisukumia mimi. "Akiikubali, wewe mhunzi. Akiikataa, kaolewe na baiskeli."

Kanuni yake: chuma kikiwa chekundu kama pilipili, kisokote kama kamba, kinyooshe, kisokote upande wa pili, mara saba. Nikaona ni uzee tu. Nilivukuta kikawa cheupe, kikalainika kama ugali, nikapata sime bila kusokota hata mara moja. Ilimeremeta.

Mfugaji aliweka ncha chini, akaegemea. Ikakatika.

"Binti," alisema kwa upole, "fimbo yangu ni ngumu kuliko hii."

Mzee alinionyesha palipokatika: chembe kubwa zinazometa, kama chumvi ya mawe. Kisha akavunja panga lake kuukuu. Ndani palikuwa kijivu, laini kama unga wa muhogo.

"Moto mkali hunenepesha chembe," alisema. "Zikinenepa hazishikani, kama ndugu walioshiba. Kusokota ndiko kunakozisaga."

"Kwa hiyo niende kwenye baiskeli, mzee?"

"Vukuta."

Mfugaji alikaa kwenye gogo, akakosoa kila pigo. Nilisokota mara saba, viganja vikachubuka. Aliegemea tena. Sime ikapinda, ikarudi. Akaichomeka kiunoni, akaondoka.

Baada ya mavuno baba mdogo alikuja na magunia ya kubebea nguo za wadogo zangu. Nilimpa sime nyingine, nikamwomba aegemee. Aliegemea na kitambi chote. Ikapinda, ikarudi.

"Sasa hii ndiyo nini?"

Mzee akanitangulia kujibu. "Ndiye mume wake."

Baba mdogo aliondoka peke yake. Magunia aliyasahau. Tuliyatilia mkaa.