Punda Aliyesema kwa Sauti ya Mama Mdogo

Mdogo wangu wa kiume aliponiambia kwamba ile katuni ya punda wa chumvi imetengenezwa upya, safari hii na watu wa kweli, sikufurahi. Alikuja nyumbani na flashi mfukoni, anacheka kama mtu aliyeleta samaki mkubwa, mukeke, kutoka ziwani. Nilimwambia aiweke tu kabatini, nina kazi. Kazi yenyewe haikuwepo. Shule ninayofundisha ilikuwa imefungwa wiki ya tatu kwa sababu ya vita, na watoto wa mji wetu wote wa Uvira walikuwa wakishinda uani.

Ukweli ni kwamba niliogopa.

Nilikuwa na miaka tisa, naye sita, vita vilipotufikia mara ya kwanza. Baba alikuwa dereva wa lori, akibeba mpunga kutoka Bwegera, kule bondeni. Siku barabara ya bondeni ilipokatika, alikuwa huko huko. Lori walilikuta limeungua kando ya njia. Yeye hakuonekana, wala maiti yake. Mama hakulia mbele yetu. Kila asubuhi alijitwisha beseni la maandazi akaenda Kavimvira, mpakani, akaketi karibu na wabadilisha fedha, kwa sababu kila mtu aliyetoka bondeni kukimbilia Burundi alipita pale. Aliuza maandazi na kuuliza habari za mume wake, kutwa nzima. Sisi tulibaki na mdogo wake, mama yetu mdogo, msichana ambaye wakati ule hakuwa hata na miaka ishirini.

Milima ya Uvira imeegemea nyumba za watu. Risasi ikilia huko juu, utadhani imelia jikoni. Basi zilipoanza kulia mchana, mama mdogo alifunga madirisha, akaunganisha televisheni na batri ya gari, akatuwekea kaseti ya video kwenye mashine yake. Tulikuwa na moja tu. Baba aliinunua kwa mchuuzi mmoja mpakani, na maandishi ya kwenye boksi lake hatukuyajua hata herufi. Lugha ya ndani nayo hatukuijua. Mpaka leo sijui ni ya watu gani.

Mama mdogo ndiye aliyeisemesha. Alikaa kando ya televisheni, mgongo ukutani, akawapa wote sauti. Katuni ilihusu msichana aliyevaa koti la rangi ya chungwa, ambaye baba yake alikwenda kununua chumvi ng'ambo ya milima na hakurudi. Msichana akamchukua punda wao, wakaenda kumtafuta. Msichana alisema Kiswahili chetu cha hapa, lakini punda, mama mdogo alimsemesha Kifuliiru cha wazee wetu, kizito, cha kunung'unika. Punda alilalamikia magoti, alilalamikia mzigo, alilalamikia hata mvua. "Minye nilizaliwa nilale, siyo nitembee!" alisema kila walipofika mlimani, hapo ndipo mama mdogo alipogeukia Kiswahili ili mdogo wangu aelewe, na mdogo wangu alicheka mpaka akasahau kuziba masikio.

Lakini kulikuwa na mahali ambapo kaseti ilisimama. Msichana na punda wanafika kwenye nyumba ya mawe juu ya mlima. Theluji inaanguka. Msichana anagonga mlango. Mlango unaanza kufunguka, mwanga unatoka kwenye ufa, na mama mdogo anabonyeza mashine, kioo kinakuwa cheusi.

"Iliisha," alisema.

"Lakini mulango uko nafunguka!" nilimjibu.

"Bande iliharibika hapo. Tukiendelea, mashine itaikula yote, na hamutaona punda tena. Munataka hivyo?"

Hatukutaka. Hata hivyo mimi nilikuwa mkubwa kidogo, na niliona jinsi mkono wake ulivyokuwa tayari juu ya kitufe kabla msichana hajagonga. Bande, yaani utepe wa kaseti, ikiharibika hujulikana. Picha huanza kutetemeka. Ile haikutetemeka. Nikajua kuna kitu anatuficha. Na mtoto ambaye baba yake hajulikani aliko, ukimficha kilicho nyuma ya mlango, atakijaza mwenyewe. Mimi nilimweka pale baba wa yule msichana, amelala sakafuni, amefunikwa kitenge. Sikumwambia mtu.

Baba yetu alirudi mwezi wa saba tangu apotee. Alikuja asubuhi, anasukuma baiskeli isiyokuwa yake, amevaa koti la mtu mfupi. Familia moja ya wakulima, Wakatoliki wasema Kirundi wa kule Runingu, walikuwa wamemficha na kumuuguza mguu, wakimpa chakula kutoka sahani yao. Mama alipomwona aliketi chini palepale njiani. Mdogo wangu hakumtambua, alikwenda kumwambia mama mdogo kwamba kuna mgeni.

Katuni haikuwepo tena kufikia siku hiyo. Watu wenye silaha walikuwa wameingia nyumba za mtaa wetu wakachukua walichotaka, na kwetu walibeba televisheni na mashine, kaseti ikiwa ndani. Mama mdogo akaolewa Bwegera, akawa mkulima wa mpunga. Mimi nikasoma, nikawa mwalimu, nikazaa. Na miaka yote hiyo, kila nilipokumbuka ile katuni, niliipenda hadi kwenye ule mlango. Hapo nilisimama. Kumwuliza mama mdogo sikuthubutu. Si jambo la kumwuliza mtu mzima aliyechoka na shamba: eti, katika ile katuni, yule baba alikuwa amekufa?

Vita hivi vya karibuni vilipofika bondeni, mama mdogo alihama Bwegera akaja kukaa kwangu. Ndiyo maana alikuwepo Jumapili ile mdogo wangu alipochoka kunisubiri, akachomeka flashi kwenye kompyuta yake na kumwita binti yangu wa miaka kumi. Baba, mzee sasa, aliwekewa kiti cha mbele kwa heshima. Mama alikuwa bado kanisani na akina mama wenzake.

"Mama mudogo, kuya uone punda wako!" mdogo wangu aliita.

"Niko nachambua mchele," alijibu kutoka uani.

Filamu ikaanza, nami nikaanza kunung'unika. Koti la msichana halikuwa la rangi ya chungwa. Walimvalisha la kijivu, kama mawe. Milima ya zambarau ya katuni yetu ilikuwa sasa milima ya kawaida. Wimbo ambao msichana aliuimba mtoni walikuwa wameutoa. Na punda alikuwa punda kweli, mwenye manyoya na nzi, na hakusema neno. Nilisubiri afungue mdomo. Walifika mlima wa kwanza, akapumua tu, akatikisa masikio.

"Haongei?" nilimwuliza mdogo wangu.

"Punda wa kweli ataongea namna gani?"

Mwanzoni iliniuma, kama kukuta nyumba mliyokaa imepakwa rangi na wageni. Kisha, karibu na katikati, uchungu ukaniacha. Nilikuwa nimejiandaa kusikia sauti ya mwigizaji fulani ikitoka kwenye mdomo wa yule mnyama na kuifuta ile ninayoijua. Hawakumpa sauti yoyote. Kila alipopumua, mimi nilisikia Kifuliiru. Binti yangu aliniangalia, akashangaa nacheka pasipokuwa na kichekesho. Nikawasamehe hata koti.

Halafu theluji ikaanza kuanguka na nyumba ya mawe ikaonekana.

Nasema kweli. Mtu mzima, mwalimu, nimevuka vita zaidi ya mara moja, naogopa mlango wa filamu. Nilitaka kusimama niende kuangalia chungu. Msichana akagonga. Nikageuka, na pale kwenye mlango wa sebule yangu alikuwa amesimama mama mdogo na ungo wake mkononi. Sijui alikuwa pale tangu lini.

Mlango wa filamu ukafunguka. Ndani kulikuwa na moto, na mbele ya moto mwanaume mwenye mguu uliofungwa vitambaa, anamenya kiazi. Aliinua uso. Kiazi kilimwanguka. Msichana alimkimbilia baba yake akamkumbatia shingoni, na punda akaingia naye ndani bila kukaribishwa.

Alikuwa hai. Nililia mpaka binti yangu akaogopa, na baba, ambaye alikuwa amesinzia tangu mlima wa pili, akaamka akauliza nani amefariki.

"Hakuna mutu amefariki, papa," mdogo wangu alimwambia. "Lala tu."

Nikamgeukia mama mdogo. "Ndivyo iliisha hata ile ya zamani?"

"Ndivyo. Ni hivi hivi, ila yule wa katuni alikuwa na ndevu ndefu."

"Na bande haikuharibika."

"Hapana."

"Sasa kwa nini ulikuwa unazima? Minye nilijua alikufa! Miaka yote hii!"

Aliweka ungo chini. Naye alionekana kama mtu aliyeshtakiwa kwa jambo alilolisahau. "Alikufa? Ni nani alikuambia alikufa?" Akakaa ukingoni mwa kiti. "Niliiona yote mara moja, kabla ninyi hamujaiona. Nikasema, hawa watoto wakiona mulango unafunguka na baba iko ndani, kesho wataenda kukaa ku mulango. Watamungojea kila siku. Na siku zenyewe zilikuwa nyingi. Ningewaambia nini? Baba yenu hatukujua kama iko hai. Nikasema, bora niwakatie utamu, kuliko kuwapa utamu ule uwaue."

"Na aliporudi?"

"Aliporudi mashine haikuwepo. Na weye hukuniuliza. Nilifikiri mulisahau."

Nilimhesabia miaka yake ya wakati ule na kuona alikuwa mtoto pia, mkubwa wetu kwa miaka kumi hivi, peke yake na sisi wawili, risasi nje, akiamua mambo kama hayo kwa kidole kimoja. Mimi nilikuwa nimemdhania anaficha kifo. Nilimshika mkono, uliokuwa na vumbi la mchele.

"Punda alipaswa kuongea," alisema, akiangalia majina yanayopita kwenye kioo. "Hapo waliharibu."

Nilimwambia kwangu hawakuharibu, akanitazama kama nimepoteza akili.

Wiki mbili baadaye barabara ilifunguka. Mama mdogo alipanda gari la kwanza kurudi Bwegera, ingawa tulimsihi angoje. Alinipigia simu jioni, mtandao unakatika. Alisema nyumba yake imesimama. Milango imechukuliwa na bati mbili hazipo, lakini jirani alikuwa ameendelea kufungulia maji mashambani, na mpunga uko, umeanza kuinama kwa masuke. Alinitaka nimwambie mama, aliyekuwa akimwombea tangu asubuhi, aache kusali kwa nguvu hivyo, yeye ameshafika.