Tope la Mlangoni kwa Mama Mkwe

Mama Émérance wa Kasongo alikuwa na kampuni ya kusafirisha mizigo: kamio moja, muhuri mmoja, na mashofere wasiokaa kwenye usukani wake. Tope la Lusangi, njiani kwenda Kabambare, ndilo lililowala. Abedi, shofere wa kwanza, alikwama pale mpaka akaoa palepale. Wa pili naye alikwama, akafuata wachimba dhahabu. Funguo zilirudi kwa pikipiki, pamoja na salamu. Wenye mchele wakamwambia wazi: akikosa shofere tena, mizigo ya Kabambare watapewa wengine.

Basi Blaise alipokuja kuomba kazi, hakuulizwa habari ya permi ya kuendesha wala breki.

"Mama mukwe wako anakaa wapi?"

"Lusangi, Mama. Nyumba yake iko pale karibu na lile tope."

"Kazi umepata."

Salomon, mume wake, akashangaa. "Weye, unatafuta shofere ao unatafuta bwana harusi?"

"Natafuta mutu mwenye haya."

Alikuwa amewaza vizuri. Kwao mkwe hasimami mbele ya mama wa mke wake, wala hali chakula akitazamwa naye. Nani atakubali kukwama mlangoni pake, suruali imejaa matope? Huyo atapita, hata kwa kuruka.

Safari ya kwanza Mama Émérance akapanda mwenyewe juu ya magunia, aone akili yake ikifanya kazi. Blaise alipoliona paa la nyumba ile, akakanyaga mafuta kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Kamio ikaruka kweli. Ikatua katikati ya tope, ikazama mpaka milangoni.

Mama mkwe, Anastasie, akatoka na jembe, wanawake jirani nyuma yake. Blaise akajikunja chini ya usukani, akatoa pua tu dirishani.

"Mama Émérance, naacha kazi. Leo leo. Nitarudi Kasongo kwa miguu, nipite porini."

Mama Émérance akashika kichwa. Wa tatu huyo anakwenda!

Mama Anastasie akaipa kamio mgongo, akasema kwa sauti:

"Weye kamio! Ambia mukwe wangu akate kushoto."

Kutoka chini ya usukani, sauti nyembamba: "Kamio, ambia mama nimesikia."

"Kamio, muulize kama amekula."

"Kamio, ambia mama... bado."

Wanawake wakacheka mpaka majembe yakawaponyoka. Wakachimba, wakatandika matawi, wakasukuma. Mama Anastasie alisukuma kinyumenyume, kwa mgongo, asimwone mtu. Kamio ikatoka ikinguruma.

"Na tena, kamio, ambia mukwe asiache kazi. Mutoto wangu amechoka kumuona analala muchana."

Pua ikatokea tena dirishani.

"Kamio, ambia mama siachi."

Mpaka leo Blaise ndiye shofere. Tope nalo liko palepale, na bado anakwama. Kila safari Mama Émérance hutuma chumvi na sabuni. Blaise huziweka juu ya bampa, hurudi kujikunja mahali pake, na Mama Anastasie huja kinyumenyume, akaishukuru kamio.