Anwani ya Kuombea Shule

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikimtunza bibi mmoja wa Kizungu, mjane, ambaye nyumba yake ilitazamana na shule ya sekondari iliyosifiwa kuliko zote upande wetu wa London. Mimi na binti yangu tulikaa Barking, mabasi mawili kutoka pale. Mwaka huo alikuwa anamaliza shule ya msingi. Fomu ikaja, ikitutaka tuchague shule. Nikaiandika ile iliyotazamana na nyumba ya bibi, na kwa ujinga wangu niliamini nimechagua. Kumbe shule ikijaa, hupimwa umbali wa nyumba ya mtoto, na wa karibu ndio huchukuliwa.

Asubuhi moja mwanawe bibi alishusha garini kitanda kidogo, mabango ya wanamuziki na viatu vya michezo. Akavipanga katika chumba cha juu, tulichokuwa tukianikia nguo.

"Akija mtu wa halmashauri kukagua anwani," akaniambia, "mwambie binti yangu anaishi hapa na nyanya yake."

"Lakini haishi hapa."

Akatabasamu. "Kazi yako unaipenda, sivyo?"

Mtu wa halmashauri alikuja wiki iliyofuata, bibi akiwa amesinzia kitini. Nikampeleka juu.

"Mtoto analala hapa?"

"Ndiyo. Kila siku."

Alilitazama shuka, ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani, akaandika alichoandika, akaenda zake. Nilinawa mikono hadi viwiko. Kazi yangu ilikuwa kusafisha uchafu wa watu, na haujawahi kunichefua kama neno lile "kila siku" lililotoka kinywani mwangu.

Barua ya binti yangu ilipofika, ilisema tunakaa mbali mno. Akapangiwa shule iliyo karibu na fleti zetu, ile ambayo kila aliyeweza kuikimbia alikuwa ameikimbia. Kwenye mkutano wa wazazi mwalimu mkuu alisema bila kuficha: pesa za serikali hufuata idadi ya watoto, na watoto wamepungua. Mwalimu wa muziki ameondoka na hatapatikana wa kushika nafasi yake. Paa la maabara litasubiri. Nyuma yake maji yalikuwa yakidondoka ndani ya ndoo. Baba mmoja akasimama, akasema afadhali naye amtoe mtoto wake, na wenzake wakampigia makofi. Makofi! Nilitoka nje.

Siku moja ndani ya basi nilimsimulia binti yangu yote. Nilidhani atamkasirikia yule mwanawe bibi. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, akiniuliza kwa nini nilikubali kumdanganyia mtoto wa mwingine na si yeye.

Kesho yake niliwapigia simu wakala walionitafutia kazi ile, nikaomba nipelekwe nyumba nyingine. Halmashauri sikuwaambia kitu, niliogopa.

Mjukuu wa bibi aliipata ile shule iliyosifiwa, akasoma mpaka akamaliza. Miaka ya elfu mbili ilipoanza, kabla hajamaliza, nilikutana naye kituo cha basi, akiwa na sare yake safi. Alinikumbuka tangu alipokuwa akimtembelea nyanya yake, akaniamkia kwa adabu. Nikageuza uso. Alikuwa mtoto tu, hakupanga kile kitanda yeye, na kila nikikumbuka nilivyomnyima salamu ninajichukia.